Hai na Si Hai: Daftari Langu na Kitabu cha Padri Donovan

Ndani ya kabati langu la vitabu, rafu ya chini kabisa, limelala kaunta buku moja nene lenye jalada jeusi. Humo yamo majina ya Wakristo wa jumuiya yetu ndogo, yameandikwa kwa mkono wangu mwenyewe tangu mwaka 1998 hadi 2011, miaka niliyokuwa katibu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa muda mrefu, na mwalimu akipewa kazi ya ukatibu hawezi kujizuia kupiga mistari. Kila mwanajumuiya alikuwa na mstari wake, kila Jumamosi ilikuwa na kisanduku chake. Aliyefika alipata alama ya vema, asiyefika alipata herufi H, yaani hayupo. Mwisho wa ukurasa, upande wa kulia, nilichora safu moja nyembamba, na juu yake nikaandika neno moja: HAI.

Wakatoliki wenzangu wanalijua neno hili. Mkristo hai ni yule anayehudhuria jumuiya, anayetoa zaka na michango, ambaye mwenyekiti wake anaweza kumwandikia barua bila kusita wakati mtoto wake anabatizwa, binti yake anaolewa, au yeye mwenyewe anazikwa. Asiyefanya hayo huitwa "si hai". Hatusemi "mfu", maana tuna adabu. Lakini mtu ambaye si hai ni nini basi?

Katika kurasa hizi nakusudia kulihakiki daftari hilo kama vile watu wanavyohakiki riwaya au utenzi, maana nalo ni maandishi, lina mwandishi, na lina jambo linalolisema juu ya watu. Na kwa kuwa si haki kuhukumu bila kipimo, nitaliweka kando ya kitabu kimoja kilichonipata nikiwa nimeshachelewa: Christianity Rediscovered cha Padri Vincent Donovan, kilichotolewa mwaka 1978. Kitabu hicho nacho hakitaponyoka bila kupimwa.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1976 maaskofu wa nchi za Afrika ya Mashariki, chini ya shirikisho lao liitwalo AMECEA, walikutana Nairobi wakaamua kwamba kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwe ndiyo kazi ya kwanza ya uchungaji katika ukanda huu. Miaka mitatu baadaye, 1979, walikutana tena Zomba, Malawi, wakalitazama upya jambo lile lile. Sababu zao zilikuwa nzuri. Parokia zilikuwa kubwa mno, padri mmoja na maelfu ya watu, na Mkristo aliweza kuingia kanisani Jumapili, akasimama, akapiga magoti, akatoka, asijue jina la aliyekaa naye benchi moja. Maaskofu walitaka imani ishuke kutoka altareni, iingie uani, ikae mkekani baina ya majirani wanaojuana shida zao.

Hapa kwetu Tanzania wazo hilo lilikuta shamba limekwisha kulimwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limetuzoesha maneno ya ujamaa na kujitegemea, na balozi wa nyumba kumi tulikuwa tunamjua. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda mbali zaidi ya wenzake. Alitoka akaenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa. Yeye alikuwa akifundisha jambo ambalo mimi sijapata kulisahau: kwamba Utatu Mtakatifu hatukupewa ili tukune vichwa kama wanaotegua kitendawili, bali tulipewa ili tuuige, tushirikiane maisha kama Baba, Mwana na Roho wanavyoshirikiana. Na hata Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994, ilipotafuta sura ya kulieleza Kanisa la bara hili, ilichagua sura ya familia ya Mungu.

Familia! Lakini, msomaji wangu, ni familia gani inayoweka daftari la mahudhurio?

Nadhani, na haya ni mawazo yangu tu, kwamba nyumba kumi zilitupa mambo mawili kwa pamoja. Zilitupa ujirani, na hilo lilikuwa jema. Lakini zilitupa pia tabia ya orodha: nani kafika mkutanoni, nani kalipa, nani kakwepa. Tulipohamisha ujirani kuupeleka kanisani, orodha nayo ilijipenyeza ndani ya mzigo. Na orodha ina sifa moja ambayo ujirani hauna: haichoki, hailali, wala haioni haya.

Sasa nisimulie kisa changu, maana bila kisa hiki ningekuwa napiga porojo tu.

Katika jumuiya yetu alikuwamo bibi mmoja, mjane, muuza vitumbua. Jina lake nalihifadhi. Kila siku aliamka saa tisa usiku, akawasha jiko la mkaa, akachoma vitumbua vyake, na kulipokucha alikuwa njiani na beseni kichwani, akipita nyumba kwa nyumba. Jumuiya yetu ilikuwa ikikutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa hiyo tulikuwa tumeichagua sisi wenye kazi za ofisini na shuleni, ili siku ibaki wazi kwa shughuli zetu. Nayo ndiyo saa hasa ambayo watu hununua vitumbua.

Basi, kila Jumamosi bibi yule aliijua nyumba yenye zamu. Alifika kabla yetu kuanza, akatua beseni, akatoa bakuli lililofunikwa kitambaa, akasema, "Vya chai ya jumuiya hivi, mimi napita tu." Kisha alinigeukia. Mimi nilikuwa nimemwamkia "Shikamoo, Bibi," naye akaitikia "Marahaba, mwanangu," halafu akauliza swali lake la kila wiki: "Mwalimu, kesho Injili inasema nini?" Nilimweleza kwa maneno machache, mara nyingine kwa haraka na bila kumtazama. Yeye aliyarudia maneno yale kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu chenji, kisha akajitwika beseni na kwenda zake.

Sisi tulibaki tukaimba, tukasoma, tukashirikishana Neno kwa zile hatua saba zilizotujia kutoka Lumko, Afrika Kusini. Tulipomaliza tulikunywa chai ya rangi kwa vitumbua vya bibi. Na wakati tukila, mimi nilifungua daftari, nikaandika H mbele ya jina lake. Madoa ya mafuta ya vitumbua vyake yapo mpaka leo katika kurasa hizo. Alama ya kuhudhuria haipo.

Mwaka 2004 alikuja kwangu akitaka barua ya ubatizo wa mjukuu wake. Nilimwambia, kwa upole lakini kwa uthabiti wa mwalimu, kwamba kwa mujibu wa daftari yeye si hai, na utaratibu unamtaka ahudhurie kwanza. Hakubishana. Aliniuliza tu, "Ili niwe hai, nije mara ngapi?" Nikamjibu mara tano. Alikuja Jumamosi tano mfululizo. Alikaa pembeni, mgongo ukutani, na kwa kuwa alikuwa macho tangu saa tisa usiku, usingizi ulimchukua kabla hatujafika hatua ya tatu. Nilimpa alama ya vema mara tano. Wiki hizo tano tulikunywa chai kavu, na biashara yake ya Jumamosi ililala. Barua nikaandika, mtoto akabatizwa. Jumamosi ya sita bibi alirudi na beseni lake, akatua bakuli, akauliza Injili ya kesho inasema nini. Nami nikaandika H.

Mwaka 2006 aliugua siku chache akafariki dunia. Nilikwenda msibani na daftari kwapani, kama ilivyokuwa kawaida yetu. Katekista alinivuta pembeni, chini ya mti, akaniuliza maneno ambayo wakati ule hakuna aliyeyaona ajabu: "Mwalimu, marehemu alikuwa hai?" Nililifungua daftari, nikapitisha kidole kwenye mstari wake mpaka mwisho wa ukurasa, nikajibu, "Kwa mujibu wa daftari, hapana."

Hapakuwa na Misa. Jeneza halikuingia kanisani. Sanduku la rambirambi la jumuiya halikufunguliwa. Majirani, baadhi yao si Wakatoliki, wengine Waislamu waliokuwa wateja wake, walichanga sanda na usafiri. Tukasali sala fupi kaburini, tukafukia. Mwanawe alitushukuru kwa kufika. Simlaumu katekista, maana alifuata utaratibu. Na aliyekuwa na uwezo wa kusema neno lingine chini ya mti ule ni mtu mmoja tu, naye alikuwa anasoma daftari.

Miaka miwili baadaye nilikipata kitabu cha Padri Donovan kwenye meza ya vitabu vikuukuu. Nilikinunua kwa sababu niliona kinahusu Tanzania. Donovan alikuwa Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililofika Bagamoyo mwaka 1868 na kuanza kuwakomboa watumwa na kuwakalisha katika kijiji cha Kikristo. Yeye alipelekwa Loliondo, kwa Wamasai. Alikuta misheni ina shule, ina hospitali, ina gari, na padri anapendwa bomani. Lakini alipochunguza aliona kwamba hakuna Mmasai mtu mzima aliyekuwa akiishi Ukristo kwa sababu ya hayo yote, wala watoto waliobatizwa shuleni hawakuendelea na dini baada ya kumaliza masomo. Mwaka 1966 alimwandikia askofu wake barua, akaomba ruhusa ya kuacha mengine yote, aende bomani akazungumze na watu juu ya Mungu, basi.

Sehemu iliyonikamata ni ile ya mzee Ndangoya. Kwa muda wa mwaka mzima Donovan alikuwa akifika kwenye jamii ya mzee huyo kufundisha. Siku ya kuamua nani abatizwe ilipofika, padri akaanza kuwachambua kama nilivyozoea kuchambua mimi: huyu mzee hakuhudhuria vya kutosha, yule mama hajaelewa, yule kijana hana bidii. Ndangoya akamkatiza. Akamuuliza kwa nini anataka kuwatenganisha. Akamweleza kwamba yeye padri alipokuwa hayupo, wao waliendelea kuyazungumza mambo hayo usiku, kandokando ya moto. Kwamba wavivu walikuwapo kweli, lakini walisaidiwa na wenye bidii. Wenye akili nzito walisaidiwa na wepesi. Wenye imani haba walisaidiwa na wenye imani nyingi. Tangu siku ya kwanza yeye ndiye aliyewasemea watu wake, na sasa anasema kwa niaba yao kwamba wamefika mahali ambapo wanaweza kutamka, wote kwa pamoja: tunaamini. Donovan akawabatiza wote.

Niliposoma hapo nilikifunga kitabu. Nilijiona chini ya ule mti, kidole kwenye mstari. Ndangoya aliulizwa swali lile lile nililoulizwa mimi, akajibu kama mzee wa watu wake. Mimi nilijibu kama karani.

Kuna na mahali pengine katika kitabu ambapo mzee mmoja wa Kimasai anamsahihisha Donovan juu ya neno lenyewe la imani. Neno alilokuwa akitumia kwa Kimasai, mzee alimwambia, maana yake ni kukubali tu. Huo si uaminifu wa mwili mzima. Ni kama mwindaji wa Kizungu anayempiga mnyama risasi kutoka mbali, yanafanya kazi macho na vidole tu. Imani, mzee alieleza, ni kama simba awindapo: pua, macho, masikio, miguu, mwili wote unaingia kazini, na mwisho anamkumbatia windo lake na kulifanya sehemu yake. Halafu akageuza maneno, akasema kwamba wao walidhani simba ni wao wanaomtafuta Mungu, kumbe simba ni Mungu.

Sasa nauliza: mtu anayeamka saa tisa usiku, akatembea mtaa mzima, akatenga katika riziki yake ya siku fungu la watu ambao hatakaa nao, na akabeba Injili ya kesho kichwani pamoja na beseni, huyo anaamini kwa vidole au kwa mwili mzima? Na mimi niliyekaa kitini na kalamu, ni viungo gani vyangu vilivyokuwa vikifanya kazi?

Hata hivyo, nilisema kitabu nacho kitapimwa, na ahadi ni deni. Nakiona kina upungufu wa namna tatu. Kwanza, maneno ya Ndangoya tunayapata kwa kinywa cha Donovan, kwa Kiingereza cha Donovan, baada ya kupita katika moyo wa mtu ambaye tayari alikuwa anatafuta jibu hilo. Simwiti mwongo, lakini mtu akisimulia siku iliyombadilisha, siku hiyo hung'aa kuliko siku nyingine. Pili, mzee anayesema kwa niaba ya wote huacha swali: wote walimtuma? Wanawake wa boma lile walisema nini kando ya moto? Donovan mwenyewe anaonyesha kwamba swali hilo alilijua, maana anaeleza jinsi ilivyokuwa vigumu kwa Ekaristi kuliwa na wanaume na wanawake pamoja, mahali ambapo desturi ilikataza wanaume kula mbele ya wanawake. Lakini pale kwenye kilele cha kitabu, sauti ni moja, nayo ni ya mwanamume. Tatu, ni kitabu cha mianzo. Mwandishi anafika, anafundisha, anabatiza, anasonga mbele kama Mtume Paulo, halafu anarudi kwao Marekani. Ugumu wa jumuiya hauko mwaka wa kwanza. Uko mwaka wa kumi na tano, wakati nyimbo zimezoeleka, sanduku halijazi, na mwenyekiti amenuniana na mtunza hazina. Juu ya mwaka wa kumi na tano Donovan hana la kutuambia.

Daftari langu, kinyume chake, ni kitabu cha mwaka wa kumi na tano. Na ili niwe mwadilifu kwake pia, sharti nilitetee. Mtu asiyewahi kuwa katibu haijui adha ya kugongewa mlango usiku na mtu ambaye hamjamwona kwa miaka sita, anataka barua kesho asubuhi, na mwaka mwingine sita hamtamwona tena. Haijui hasira ya wajane wanaotoa shilingi zao kila wiki, wakimwona mwenye gari anakumbuka jumuiya siku ya harusi. Padri mwenye vigango kumi hawezi kumjua kila mtu; amwulize nani kama si sisi? Na Mtume Yakobo ametuonya vikali kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Kwa hiyo waliobuni maneno hai na si hai hawakuyaokota barabarani.

Lakini kosa liko hapa. Yakobo, anapotoa mfano wa imani iliyokufa, anamtaja mtu anayemwambia ndugu mwenye njaa aende salama akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu. Hasemi habari ya mahudhurio. Kwa kipimo cha Yakobo, katika kile chumba cha Jumamosi, aliyelisha ni bibi na walioshiba ni sisi. Daftari lilikuwa limepinduliwa juu chini, na hakuna aliyeliona, maana lilikuwa limepigwa mistari iliyonyooka.

Nimelitafuta daftari katika Kanisa la mwanzo, nami nimelikuta. Liko katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5: orodha ya wajane wasiopungua umri wa miaka 60. Nayo ilikuwa na masharti, sikatai, wengine hawakuandikwa. Lakini tazama ilikuwa ya nini. Ilikuwa orodha ya watu ambao Kanisa linawajibika kwao, na sifa za kuingizwa humo ni kulea watoto, kukaribisha wageni, kuosha miguu ya watakatifu, kuwasaidia wenye taabu. Bibi wa vitumbua angeandikwa katika orodha ya Timotheo bila mjadala. Katika yangu alifutwa. Vivyo hivyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakuuliza kama wajane hao walikuwa hai. Waliuliza ni nini kimeharibika katika utaratibu, wakateua watu saba wautengeneze.

Na iko habari ya yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, katika Marko sura ya 2, aliyeshushwa darini na watu wanne. Mwinjili anasema Yesu aliiona imani yao. Yao, si yake. Mgonjwa hakutembea kwenda kuhudhuria, alibebwa. Kama katibu angekuwapo mlangoni siku ile, sijui angempa alama gani.

Hapo ndipo ninapoamini Ndangoya aliona mbali kuliko daftari langu, hata tukitoa yote ambayo Donovan huenda aliyang'arisha. Hakusema kuhudhuria si kitu. Alikiri wavivu wapo. Alichosema ni kwamba mtu akikosekana, swali linawaangukia waliopo. Sisi, kwa miaka minane, tuliigeuza H ya bibi kuwa jibu juu yake, wakati ilikuwa swali juu yetu. Swali lenyewe lilikuwa jepesi: kwa nini tunakutana saa ambayo mwenzetu hawezi? Tungeweza kukutana Jumapili alasiri. Hata siku moja halikuulizwa, wala na mimi niliyejua vizuri kuliko wote kwa nini hakai.

Donovan anaeleza desturi moja ya kupendeza katika jamii zile za Kimasai. Kwao jani la nyasi ni alama ya amani, na siku ya Misa konzi ya nyasi ilipitishwa boma zima, mkono kwa mkono. Ikiwa mahali fulani mtu amekataa kuipokea kutoka kwa mwenzake, ilijulikana kwamba amani imevunjika, na Ekaristi isingeweza kuadhimishwa mpaka walipatane. Nao wana kipimo, msomaji. Wala si kipimo rahisi. Pengine ni kigumu kuliko mara tano Jumamosi. Lakini kinapima kilicho baina ya watu, si mtu mmoja mmoja, na kikionyesha upungufu, wanaosimamishwa ni wote.

Mwaka 2009 niliwapelekea wanajumuiya wenzangu pendekezo la kufuta safu ya HAI. Tulibishana Jumamosi tatu. Wengine walisema nataka kulegeza dini, na hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Mwisho tukakubaliana nusu kwa nusu: safu ibaki, maana parokia inaidai, ila kando yake tuchore nyingine, na juu yake tuandike: NANI AMEMTEMBELEA. Mtu akipata H tatu mfululizo, asiandikwe si hai kabla safu hiyo haijajazwa jina. Na saa ya kukutana tukaihamishia Jumapili alasiri.

Nisikudanganye kwamba mambo yalikaa sawa. Nilipokabidhi ukatibu mwaka 2011 nilipitia kurasa za miaka ile miwili, nikaona safu mpya mara nyingi iko tupu. Kupiga mstari ni rahisi. Kutembea mpaka mlangoni kwa mtu ni kazi. Majina mawili matatu ndiyo yanajirudia humo, ya akina mama wale wale, na jina langu limo mara chache kuliko ninavyopenda kukiri.

Daftari la zamani lilibaki kwangu kwa sababu lilikuwa limejaa, na jumuiya ilianza jingine. Siku moja nilishika kalamu nikataka kuusahihisha ule mstari wa mwaka 2006. Nikaiweka kalamu chini. Kufuta kungekuwa kunisafisha mimi, si yeye. Yeye hana shida na daftari langu tena. Nimeuacha kama ulivyo, pamoja na madoa yake ya mafuta, ili atakayelifungua baada yangu asome mwenyewe yote mawili, alama zangu na madoa yake, aamue ni ipi iliyoandika kweli.

Nawe msomaji, ikiwa katika jumuiya yako, au usharika wako, au kikundi chako cha sala, wewe ndiye mwenye kalamu, nakuomba jambo moja tu. Jumamosi ijayo, kabla hujaandika H, litazame jina hilo mara ya pili, ujiulize mwenzio yuko wapi saa hiyo, na anafanya nini. Na kama hujui, funga daftari, uende ukamwulize.